Vifungo vya Bosi

Ilikuwa mchana wa mwisho wa mwezi na duka la vitambaa lilikuwa limefurika mpaka mlangoni. Katikati ya msongamano ule mwanamke mmoja wa gauni la kijani, miwani ameipandisha juu ya nywele, alikuwa amesimama amefumba macho, anajisugua kitambaa shavuni. Akimaliza shavu anahamia shingoni, akimaliza shingo anachukua kitambaa kingine. Wauzaji walikuwa wameshamzoea. Wateja ndio waliokuwa wakikonyezana.

Aliyeshindwa kujizuia alikuwa fundi cherehani mmoja nyuma yake, mrefu, shati jeupe limemkaa sawasawa, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Dada, hicho kitambaa kinauzwa tu. Hakiposwi."

Mwanamke akafumbua jicho moja. "Natafuta kisichowasha. Wewe unachaguaje?"

"Kwa vidole. Mimi fundi."

"Basi vidole vyako vimeshakuwa sugu kwa sindano. Jaribu shavu."

Fundi akacheka, na huenda angejaribu kweli, lakini hapo hapo mfanyakazi mmoja aliangusha fimbo ya chuma ya kupimia, na ukelele ukatoka chini ya meza ya kukatia. Alikuwa binti wa fundi. Mtoto wa miaka sita, mikono masikioni, visigino vinapiga sakafu, na kilio chake kilikuwa cha mtu aliyeungua. Watu wakageuka. Mmoja akasema mtoto kadekezwa huyo, mwingine akasema hajachapwa. Fundi aliinama kumvuta mkono, uso umemwiva kwa aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Usimvute," mwanamke alisema taratibu. Alishachuchumaa. "Anaitwa nani?"

"Nyumbani tunamwita Bosi. Utajua kwa nini."

"Bosi, nina kitu kizito hapa. Unataka nikuwekee miguuni?"

Mtoto alitikisa kichwa kukubali. Mwanamke akashusha jora zima la turubai, akamlazia mapajani, polepole, kama anayemfunika mgonjwa. Visigino vikatulia. Pumzi ikatulia. Baada ya muda sauti ndogo ikatoka chini ya meza: "Ongeza jingine."

Fundi alibaki mdomo wazi. Amemlea mtoto huyu tangu mama wa mtoto alipofariki, yeye na dada yake tu, na hakuna siku aliyomwona akinyamaza upesi hivyo.

"Wewe ni mganga?"

"Wengine huniita hivyo wakikosa la kusema," mwanamke alijibu, akachomoa kadi kwenye mkoba.

Kadi ilisema ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo kwa watoto, jina refu ambalo watoto wenyewe walishalikataa. Walimwita Mwalimu. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la miwani: bembea ya wavu imening'inizwa darini, mpira mkubwa kuliko mtoto, beseni la maharage makavu la kuzamisha mikono, vibanio vya nguo, udongo laini wa kufinyanga. Mtu akichungulia mlangoni angedhani watoto wanacheza tu. Mzazi mmoja aliwahi kusema hivyo, akapewa kibanio akafungue na kufunga kwa vidole viwili mpaka kiganja kikamuuma.

Alimpima Bosi, kisha akamweleza baba bila kuficha. Mtoto hana upungufu wa akili. Ila sauti zinamfikia kubwa mno, lebo ya nguo inamchoma kama mwiba, na mikono yake haijui vizuri nguvu kiasi gani itumie wala mkono mmoja usaidieje mwenzake. Ndiyo maana anavunja penseli. Ndiyo maana hawezi kufunga kifungo.

"Nimekuwa nikimchapa," Fundi alisema. Hakuulizwa. Alitazama sakafu. "Nilidhani ni jeuri. Kila asubuhi, soksi tu, namchapa."

Mwalimu hakumlaumu, wala hakumwambia si kitu. Alimsogezea kiti. "Sasa unajua. Kesho vaa soksi zako nje ndani, mshono uwe nje. Na yeye hivyo hivyo."

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Kwanza zilikuwa simu za soksi, baadaye zikawa simu za Fundi kuuliza jambo alilokwisha kulijua.

"Mwalimu, maharage yakimwagika tunaokota moja moja au kwa kiganja?"

"Moja moja. Jana si nilikuambia?"

"Nilisahau."

"Fundi, wewe unakumbuka kipimo cha kiuno cha mteja wa mwaka juzi."

"Viuno nakumbuka. Maharage hayana kiuno."

Mwalimu alicheka mpaka mama wa chumba cha pili, mtaalamu mwenzake mwenye umri mkubwa, akachungulia. "Mzazi gani huyo anayechekesha hivyo?" aliuliza. Mwalimu akajifanya hamnazo, akaendelea kupanga vibanio. Alijua kanuni ya kazi yake: ukishampenda mzazi, mtoto mpe mwenzako, kwa sababu macho yako si ya kuaminika tena. Aliijua vizuri. Lakini kumpa mwenzake Bosi maana yake ni kumpa na zile asubuhi, Fundi mlangoni na shati lililopigwa pasi, anavua viatu, anasema, "Mwalimu, Bosi amefika na mlinzi wake." Akajiambia atafanya hivyo mwezi ujao. Mwezi ujao ukifika anausogeza.

Kulikuwa na shule moja karibu, ya madarasa madogo na kelele kidogo, shule pekee iliyokubali kumfikiria Bosi baada ya nyingine mbili kumrudisha nyumbani. Sharti lilikuwa moja: mtoto ajue kuvaa na kuvua mwenyewe, na mtaalamu wake aandike hivyo kabla ya muhula kufunguliwa. Yalibaki majuma machache.

"Ataweza?" Fundi aliuliza.

"Ataweza kama utamwacha ahangaike. Mkono mmoja unashika tundu, kidole gumba cha mwingine kinasukuma kifungo. Atakosea, atalia, atarudia. Wewe kalia mikono yako usimsaidie."

Rahisi kusema. Fundi alikuwa na mikono ya haraka kuliko yeyote katika mtaa ule, mikono inayofunga shati la mteja huku mdomo unapatana bei, na sasa anaambiwa aitulize huku mwanawe anahangaika na kifungo kimoja tangu chai ya asubuhi mpaka uji unapoa. Bosi alikazana. Kifungo kinafika ukingoni mwa tundu, kinateleza. Akaanza kujipiga mkono wa kulia kwa wa kushoto. "Mkono mbaya! Mkono mbaya!"

Fundi alivumilia siku kadhaa. Siku moja akashindwa. Alichukua shati la Bosi, akaingia nalo karakana yake mbele ya nyumba, akafunga mlango. Akashona matundu yote yakazibika kwa uzi wa rangi ile ile, vifungo akavihamishia juu ya upande wa nje viwe pambo, na nyuma ya kila kimoja akaweka kifungo cha kubonyeza, vile vidogo vya chuma vinavyosema *ta* vikikutana. Ilikuwa kazi safi. Hata fundi mwenzake angehitaji kulishika shati mkononi ndipo agundue.

"Bosi, jaribu leo. Weka hivi, bonyeza."

*Ta.*

Mtoto akatazama kifua chake. Akabonyeza kingine. *Ta.* Akabonyeza vyote, akaruka, akakimbia kumwonyesha shangazi yake, akarudi, akamkumbatia baba kiunoni kwa nguvu zake zote. "Mkono mzuri," alisema, akaubusu mkono wake mwenyewe.

Nani angemwambia? Fundi alijiambia ni kwa siku ile tu, apate moyo, kesho watarudi kwenye vifungo vya kweli. Akampiga video, kwa furaha, akamtumia Mwalimu. Simu ikalia kabla hajaiweka mfukoni.

"Fundi! Nimeiona! Amefunga vyote!" Mwalimu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Amefunga vyote peke yake! Umeona uso wake? Ah, mpenzi, umefanya kazi kubwa!"

Neno lile lilikuwa halijawahi kusemwa kati yao. Lilimtoka, na wote wawili wakalisikia.

"Umeniitaje?" Fundi aliuliza polepole.

"Umesikia."

"Rudia."

"Sirudii bure. Njoo unione, nitarudia."

Ukweli ulikuwa umeshafika kwenye ulimi wa Fundi, na pale pale ulimi ukamnata. Angesemaje? Kwamba machozi yale ni ya bure? Jioni ile walikaa kwenye benchi mbele ya duka la miwani, yeye katika koti lake la kijivu, Mwalimu katika sketi ya maua aliyoibadilisha mara mbili kabla ya kushuka ngazi. Neno likarudiwa. Fundi alikuwa na furaha ambayo haikumshuka vizuri kooni. Kila alipoitwa mpenzi, roho ilimsuta.

Naye Mwalimu alikuwa na lake. Ile video aliitazama tena akiwa peke yake, mtaalamu sasa, si mwanamke aliyependa. Aliona kidole gumba. Hakikusukuma kitu. Kidole kilibonyeza tu, na mkono wa pili haukushika tundu lolote. Aliona, akaweka simu chini, akaosha vyombo. Akaitazama tena kesho yake. Kisha akajiambia labda ni pembe ya picha. Hakumpa Bosi shati jingine la kujaribu, ingawa kabati lake lilijaa mashati ya mazoezi. Aliandika kwa shule kwamba mtoto anavaa na kuvua mwenyewe, akatia sahihi.

Muhula ukafunguliwa. Bosi akavaa sare aliyoshonewa na baba yake, vifungo vyote vikasema *ta*, akaenda shule kifua mbele.

Simu ya mwalimu wa darasa ilimkuta Mwalimu kazini, juma la kwanza halijaisha. "Tafadhali njoo. Baba yake hapatikani, na mtoto anakuita wewe."

Alimkuta Bosi kwenye kona ya darasa la kuchora, amejikunja nyuma ya kabati. Mwalimu wa darasa alieleza kwa sauti ya chini. Watoto walipewa maaproni ya shule ya kuchorea, yenye vifungo mbele, na wengi walishindwa kufunga. Bosi akanyoosha kidole. Akasema yeye anajua vifungo, Mwalimu wake kasema anajua, atawafundisha wote. Akaitwa mbele. Akaweka kifungo juu ya kitambaa, akabonyeza. Kikaachia. Akabonyeza tena. Wenzake wakaanza kucheka. Akabonyeza mpaka ncha za vidole zikawa nyekundu, na alipoona havisemi kitu, akaung'ata mkono wake mwenyewe. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia alama za meno zilikuwa bado zimevimba.

Mwalimu alichuchumaa. Bosi alimtazama bila kupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ulisema najua."

"Nilisema, Bosi."

"Sijui."

Mwalimu aligeuza ukingo wa sare ya mtoto. Aliona chuma kidogo kinang'aa, na kuzunguka chuma mishono midogo, sawa, mizuri. Mkono wa aina ile mtaani ulikuwa mmoja tu.

Alimrudisha Bosi nyumbani, akambadilisha nguo chumbani, kisha akamfuata Fundi karakana. Cherehani ilikuwa inanguruma, ndiyo maana simu haikusikika. Mwalimu aliizima kwa kuchomoa waya, akaweka sare juu ya meza.

"Hii mishono ni ya nani?"

Fundi alitazama sare, akamtazama yeye, akakaa.

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Ameung'ata mkono wake mbele ya darasa zima! Alikuwa anawafundisha wenzake kitu ulichomwambia anakijua! Umemwibia mtoto mkono wake mwenyewe, Fundi! Na mimi je? Ulinipenda mimi, au ulipenda sahihi yangu?"

"Usiseme hivyo."

"Nijibu."

Jibu lilikuwa fupi na alikuwa nalo. Lakini mtu aliyeongopa juu ya kifungo ataaminika vipi juu ya moyo? Aliona hana haki ya kuapa lolote mbele ya mwanamke huyu, akanyamaza, akishika tama. Mwalimu akangoja. Akachukulia kimya kile ndicho jibu, akatoka, na gauni lake likashika pembe ya meza likachanika kidogo, wala hakugeuka.

Shangazi, dada mkubwa wa Fundi, alisikia yote akiwa chumba cha nyuma anakunja nguo. Alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mdogo wangu, wewe ni mjinga wa kushonwa kwa uzi mara mbili. Unafuata mwanamke barabarani au unaenda kuongea na mtoto?"

"Mtoto," Fundi alisema.

Alikaa sakafuni chumbani kwa Bosi, akafumua vifungo vya chuma kimoja kimoja mbele yake.

"Hivi vilikuwa vya uongo. Niliweka mimi. Nilikudanganya, Bosi. Nilishindwa kukuona unalia."

Mtoto alikitazama kifungo kimoja kiganjani kwa muda mrefu. "Kwa hiyo sijui?"

"Hujui bado. Mimi ndiye niliyekuzuia usijue."

"Toka chumbani kwangu."

Akatoka. Alikaa nje ya mlango, mgongo ukutani, akalia kimyakimya, mtu mzima na tepu shingoni.

Mwalimu naye hakuwa na nafuu. Alijisema kwa mkubwa wake wa kazi, akaenda shuleni akafuta kwa mdomo wake alichoandika, akaomba Bosi asifukuzwe kwa kosa la watu wazima. Shule ikakubali, kwa sharti kwamba mtoto aendelee na tiba. Akamkabidhi kwa mama wa chumba cha pili. Asubuhi za Bosi alikuwa anafunga mlango wake, anasikia mpira mkubwa ukidunda upande wa pili, anasikia pia miguu ya Fundi ikipanda ngazi na kusita mbele ya mlango. Alisali ibishe hodi, na alisali isibishe. Maana hasira yake yote kwa Fundi ilikuwa na mzizi ambao hakumwonyesha mtu. Alimwita mwongo huku yeye aliona.

Muhula ulikuwa umekolea alipopiga simu.

"Fundi."

Upande wa pili kitu kilianguka, mkasi pengine. "Mwalimu."

"Usiseme kitu. Nina kosa. Ile video… niliitazama tena na tena. Kidole gumba hakikusukuma. Niliona, Fundi. Mimi kazi yangu ni kuona. Nikaandika."

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi. Na mimi nilikuwa nimeshakuita mpenzi, sikutaka kulirudisha lile neno. Nilikuacha ubebe lawama peke yako mpaka leo. Nisamehe."

Fundi alivuta pumzi. "Siku ile uliniuliza swali."

"Niliuliza vibaya."

"Ni wewe. Sikujibu kwa sababu niliona sistahili kuaminika. Ila ni wewe, tangu ulipokuwa unasugua shavu dukani kama umerukwa na akili." Akasikia pua ikivutwa upande wa pili. "Njoo karakana. Kuna gauni ulilichana hapa kwangu. Mimi nina deni la heshima ya kazi."

"Lile nilishalitupa."

"Ndiyo maana nimeshona jingine."

Alikwenda alasiri, katika blauzi ya kazini, nywele hazijatengenezwa. Shangazi alimpokea kwa kumkumbatia na kumsukuma ndani. Gauni lilikuwa limetundikwa dirishani, la rangi ya zambarau iliyokolea, kitambaa laini kiasi kwamba Fundi alikiri, kwa haya, amekichagua kwa shavu. Vifungo vilishuka mgongoni, mstari mrefu wa vifungo vidogo.

"Mtu hawezi kujifunga hili mwenyewe," Mwalimu alisema alipotoka nyuma ya pazia amelishikilia kwa mikono miwili.

"Najua."

Fundi akaita. Bosi alitoka chumbani na mkoba wa shule begani. Alimtazama Mwalimu, hakumkimbilia.

"Bosi, nilisema unajua kabla hujajua," Mwalimu alimwambia. "Nilikosa. Utanifunga?"

Mtoto alisogea. Lakini kabla ya kushika kifungo chochote alifanya jambo moja dogo. Aligeuza ukingo wa gauni, akachungulia upande wa ndani, akapitisha kidole chini mpaka mwisho kutafuta chuma.

"Baba, hivi ni vya kweli?"

Fundi alihisi kisu. Atakisikia kisu kile kila nguo atakayomshonea.

"Vya kweli, Bosi."

"Vyote?"

"Vyote."

Bosi akaridhika kidogo, akapanda kigoda. "Kalia mikono," alimwamuru baba yake, na Fundi akakaa kitini, akaikalia mikono yake, kama Shangazi alivyomzoeza kila asubuhi tangu siku ile.

Kazi ikaanza kwa chini. Mkono mmoja ulishika tundu, kidole gumba kikasukuma, kikateleza, kikasukuma tena. Pumzi ya mtoto ilisikika. Fundi alitazama tundu lililorukwa tangu mwanzo, vidole vikamwasha chini ya mapaja, akakaza meno, hakuinuka.

"Mwalimu," alisema badala yake. "Sina la kukuapia. Mimi ni mwongo uliyenikamata. Lakini nataka unioe… ah! Nataka nikuoe. Naona hata kusema nimekosea."

Shangazi akacheka nyuma ya pazia. Mwalimu hakugeuka. Alikuwa anatazama ukuta, machozi yanamtiririka, mgongo ameunyoosha ili asimsumbue anayefunga.

"Nisubiri," alisema. "Sijibu kabla hajamaliza."

Wakasubiri. Chai ya Shangazi ikapoa. Kilipofika kifungo cha shingoni hakikuwa na tundu lake, kwa sababu lilikuwa limeshatumika, na gauni zima lilikuwa limepanda upande mmoja na kushuka upande mwingine. Bosi alishuka kwenye kigoda, akarudi nyuma, akakagua.

"Limepinda," alisema. Akautazama mkono wake wa kulia, ule wenye kovu dogo la meno, hakuupiga. "Lakini vimefunga."

"Vimefunga," Mwalimu alisema.

Fundi alikuwa ameshachomoa mkono mmoja, amenyoosha vidole kuelekea kile kifungo kilichobaki bila tundu. Mwalimu alimwona kwenye kioo.

"Fundi. Usikiguse."

Akaurudisha mkono.

Mwalimu alichukua mkoba wake, akampa Bosi kidole ashike, akafungua mlango wa barabarani. Watu walikuwa wengi, na gauni lilikuwa limepinda kwelikweli.

"Jibu langu ni ndiyo," alisema. "Twende tukamwambie mama yangu. Hivi hivi."